Meli Hii Hatuigusi

4 Februari

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako bado yanakubali kupanda ngazi za meli bila kulalamika. Huku tupo. Mama hajambo, ila macho yanamsumbua na miwani haitaki. Anasema aliyokwisha kuyaona yanamtosha. Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, mzito kama mfuko wa saruji, na akilia utadhani meli inaomba njia. Nilipomwambia Mama nakuandikia, akasema, "Haya." Haya yake unaijua.

Barua hii nimempa mpishi wa meli ya nafaka akuletee mkononi. Posta siiamini siku hizi. Barua za chama zinatufikia zimefunguliwa na kubandikwa upya, na hata gundi yenyewe hawajui kuipaka.

Sasa nikueleze. Wiki tatu zilizopita tulimzika Taratibu, mfungaji wa makontena. Lazima unamkumbuka, maana hata nyumba ikiwaka moto yeye angeuliza kwanza umeanzia chumba gani. Alikuwa chini, kwenye kijinjia kati ya safu mbili za makontena juu ya sitaha, anafungua zile fito za chuma zinazoyashikilia. Na juu yake kreni inafanya kazi. Zamani hilo lilikuwa mwiko: wafungaji wanamaliza, wanatoka, ndipo kreni inaanza. Meneja mpya akasema huko ni kupoteza saa mbili kwa kila meli, kwa hiyo vyote viende pamoja. Siku hiyo kontena moja lilinyanyuliwa likiwa bado limeng'ang'aniwa na la chini yake kwa kufuli moja ya pembeni. La chini nalo likapanda, kufuli ikakatika, likaanguka. Taratibu hakupata hata nafasi ya kupiga kelele.

Tulidai jambo moja tu: mtu asiwe chini ya kreni inayofanya kazi. Tukaketi, tukagoma kufanya kazi. Siku ya tatu tukakuta majina mia mbili na kumi na mawili yamebandikwa langoni. Tumefukuzwa, na langu ni la nne. Ndani wameingiza vibarua waliofundishwa kazi kwa siku tatu. Siku tatu, Mjomba! Mimi kreni nilifundishwa miezi tisa.

Meli wanazozipakia, nyingi zinakuja kushushwa kwenu. Wewe ni serangi, una genge la watu kumi na wanane wanaokusikiliza. Chama chenu na chetu vimo katika shirikisho moja la kimataifa. Muhuri wake nauona kila siku kwenye kalenda ya ofisi yetu, na sijawahi kuuliza una kazi gani zaidi ya kupamba kalenda. Sasa nauliza. Meli hizo zikifika, msizishushe.

Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba mwanangu. Mpishi alinikuta gatini, akanikabidhi barua yako ikiwa inanukia vitunguu. Nimefurahi kusikia nyumba imeongezeka mtu. Mpe mdogo wako hongera, na huyo mwenye sauti ya meli mwambie babu yake yupo, ingawa yuko mbali. Huku baridi haijaachia. Asubuhi vyuma vinang'ata vidole hata ndani ya glavu. Magoti umeyauliza vizuri. La kulia ni zima, la kushoto linafanya kazi kwa kujitolea.

Habari ya Taratibu imenikata maini. Ndiye aliyenifundisha kufunga fundo langu la kwanza pale bandarini. Alilifungua mara saba, akaniambia nirudie, na mara ya nane akasema, "Sasa limekuwa fundo. Yale mengine yalikuwa matumaini." Mungu amrehemu. Wape wanawe pole zangu.

Kuhusu ombi lako, nimekwenda kumwona katibu wa chama chetu. Ni mtu mwema, lakini mwoga wa karatasi. Amenieleza kwamba sheria ya huku hairuhusu wafanyakazi kugoma kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine walio nchi nyingine. Chama kinaweza kufungiwa. Amesema ataandika barua ya masikitiko kwa shirikisho, na shirikisho nalo litaandika kwa kampuni yenu.

Mimi mwenyewe nimebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Sisemi hivyo kwa sababu yoyote, nakupa habari tu.

Mwili wako uangalie. Mama yako msalimie, kama yuko tayari kusalimiwa.

Mjomba wako


28 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mtoto amepona kikohozi. Mama hajambo. Sisi wengine tuko langoni.

Mjomba, nilikuomba meli, umenitumia pole. Pole tunazo nyingi. Meneja naye alileta pole, na shada la maua lenye nembo ya kampuni, kubwa kuliko jeneza.

Acha nikuchoree tunavyoishi. Tumetandika mbao mbele ya lango kuu, tunakaa kwa zamu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Upande wa kushoto kuna ukuta wa ghala, upande wa kulia mtaro. Magari ya mizigo yakipita yanatumwagia vumbi, na madereva wengine wanapiga honi ya kutuunga mkono, wengine wanapandisha vioo. Mzee mmoja karani, aliyehesabu mizigo miaka thelathini, sasa anahesabu meli kutoka nje ya ukuta. Anaandika kwenye daftari: imeingia lini, imepakiwa siku ngapi, imeondoka imeinama upande gani. Ndiyo, zinaondoka zimeinama. Wanaweka mazito juu ya mepesi kama mtu anayepanga vyombo usingizini.

Barua ya masikitiko ya katibu wenu tumeiona. Meneja aliibandika kwenye ubao wa ndani, na chini yake mtu akaandika kwa kalamu nyekundu: "Hata sisi tumesikitika."

Juzi Mama alikuja langoni na chupa ya chai. Sikumwomba. Akaketi kwenye mbao, akawamiminia watu vikombe mpaka ikaisha. Nikamwambia nimekuandikia tena kuhusu meli. Akaniangalia, akasema, "Huyo usimwombe." Nikamuuliza kwa nini. Akafunga chupa, akaondoka. Mwenye kovu usidhani kapoa, sikumfuata.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Kwa nini nisikuombe?

Mpwa wako


17 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu mtoto amepona. Mimi sijambo.

Barua yako nimekaa nayo siku sita. Nimeanza kujibu mara nne, na mara zote nne nilijikuta naandika habari za hali ya hewa. Hii ni ya tano. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi uchi huu nimeuficha miaka ishirini na miwili.

Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nikiishi kwenu, chumba cha uani, yule mjomba wa kukununulia kalamu za rangi. Baba yako alikuwa mwenyekiti wa chama pale bandarini. Mgomo ule ulihusu maji ya kunywa na vyoo, utacheka, lakini watu walikuwa wakizimia kwenye matumbo ya meli kwa kiu. Siku ya kumi na moja msimamizi mmoja alinifuata kichochoroni. Akaniambia, "Wewe kijana unajua winchi. Shemeji yako anakutumia kama ngazi. Njoo kesho, nitakuandika kazi ya kudumu." Jibu nililitoa asubuhi yake kwa miguu yangu.

Walituingiza kwa lori kupitia lango la nyuma. Tulikuwa watu ishirini na wawili, tumelala chini, wametufunika turubai kama magunia. Kwenye lango lori likapunguza mwendo, upepo ukainua pembe ya turubai, na mtu aliyekuwa amesimama pale nje alikuwa baba yako. Tuliangaliana. Mimi ndiye niliyevuta turubai nikajifunika.

Kwa winchi yangu meli ile ikapakiwa. Zikipakiwa meli mbili, tatu, mgomo unakufa. Baba yako alifukuzwa na bandari hakuikanyaga tena. Alitengeneza baiskeli mpaka mwisho wake, unajua mwenyewe. Mimi nilipewa hiyo kazi ya kudumu, na sikuweza kudumu nayo. Miezi mitano baadaye nikapanda meli ya kwanza iliyotaka mtu. Miezi hiyo yote nilikuwa nikila mezani kwa mama yako huku ananipakulia bila kunitazama.

Ndiyo sababu usiniombe. Mtu akikuomba usimame, na wewe ulishawahi kulala chini ya turubai, mdomo unakuwa mzito. Nikimwambia mtu wa genge langu "kaa chini," nani ananipa haki hiyo?

Sasa umejua. Ukiniandikia tena nitashukuru. Usiponiandikia, nitaelewa.

Mjomba


11 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Ona, nimeandika shikamoo.

Mtoto ameota jino. Mama hajambo.

Barua yako nilimsomea Mama yote, jikoni, yeye anapepeta mchele na hakuinua kichwa. Nilipomaliza nikadhani ataniuliza neno. Akasema, "Lori lilikuwa la bluu. Hajasema rangi." Basi. Alijua. Baba naye alijua, na alimkataza kutuambia sisi watoto. Alisema, "Mimi nimepoteza kazi. Wao wasipoteze mjomba." Mama amelishika neno hilo mpaka leo, na ukimtazama unaona limemla. Nikamuuliza nikujibu nini. Akasema, "Mwambie nasubiri kuona, sisubiri kusikia."

Mimi hasira nilikuwa nazo siku mbili. Ya tatu zikaniishia, kwa sababu na mimi nina langu, na wewe umenitangulia kwa ujasiri wa kusema.

Niliposema kontena lilinyanyuliwa, sikusema nani alinyanyua. Ni mimi, Mjomba. Nilikuwa kwenye kibanda cha kreni. Niliuliza kwenye redio, "Watu wametoka?" Msimamizi akajibu, "Wametoka, nyanyua." Nikauliza mara ya pili, maana sikuwa nimemwona Taratibu akipanda, na yeye nikimjua kwa kofia yake ya njano. Akasema, "Unataka nikuletee picha? Nyanyua!" Nikanyanyua. Mkono wangu huu huu.

Kampuni imeandika karatasi. Inasema mwendesha kreni alifanya uzembe, na kwamba redio ilikuwa kimya. Meneja aliniita peke yangu, akanipa kiti na maji baridi. "Weka sahihi hapa," akasema, "na kesho asubuhi wenzako wote wanarudi kazini. Wewe tu ndiye utakayebaki nje. Si mnasema mshikamano? Basi washikamanie." Nilishika kalamu. Sikufichi, niliishika. Nikafikiria watoto wa wenzangu. Halafu nikafikiria: nikiandika kwamba ni mimi, basi kesho watu wataendelea kushuka chini ya kreni, na atakayekufa wa pili nitakuwa nimemuua kwa kalamu. Nikairudisha kalamu mezani. Nikawaambia wenzangu langoni yote, hata ile ya kushika kalamu. Mjane wa Taratibu alikuwepo. Alinisogezea nafasi kwenye ubao, nikaketi karibu yake. Tulikaa hivyo mpaka zamu yetu ikaisha.

Kwa hiyo usiniulize nani anakupa haki. Wenye mikono misafi wako wapi? Wakija tutawapa kazi hii, sisi tukapumzike.

Sasa sikiliza. Jana imeondoka meli yenye bomba jekundu la moshi. Karani wetu ameiandika: imepakiwa yote na vibarua, safu tatu za nyuma zimeinama, na mabaharia wake wenyewe walikataa kuzikagua. Itakuwa kwenu mwanzoni mwa mwezi ujao. Jina lake na hesabu zote za karani nimeziambatisha, na nakala tumezituma kwa shirikisho na kwa bandari nne nyingine ambako inaweza kukimbilia. Safari hii hatukuwaandikia makatibu. Tumewaandikia maserangi.

Mpwa wako


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na asante kwa shikamoo. Niliisoma mara nyingi kuliko barua yenyewe. Jino la pili la mtoto limetoka?

Mengine nitayasema kwa mpangilio, maana kichwa bado kinapiga ngoma.

Meli ya bomba jekundu iliingia tarehe tano, asubuhi, mvua ya manyunyu. Nilipanda peke yangu kwanza. Bosi wa mabaharia, jamaa mfupi wa nchi ambayo mimi hata kwenye ramani naitafuta, hakunisalimu; alinishika mkono, akanipeleka nyuma, akanionyesha. Fito zinacheza kama meno ya mzee. Kufuli nyingine ziko wazi, nyingine zimefungwa nusu. Alichora kwa kidole kwenye ukungu wa chuma: mawimbi, meli, kontena likielekea majini. Walipoteza mawili njiani. Halafu akaonyesha kifua chake na cha wenzake, akatikisa kichwa. Wao nao waliamriwa wafungue fito kreni ikiwa juu, na wao nao walikuwa wamekataa.

Nikashuka. Genge langu limesimama linangoja. Nikawaambia nilichokiona, na nikawaambia habari za Taratibu. Halafu, mpwa wangu, nikawaambia habari za lori. Kwa lugha yao, ambayo miaka yote hii bado naitafuna kama mkate mkavu. Watu kumi na wanane wakaniangalia. Mwendesha kreni wetu, mmoja mrefu tunayemwita Mlingoti, akauliza, "Kwa nini unatuambia haya leo?" Nikasema, "Ili mtu wa kampuni akija kuwaambia, awakute mnajua." Akafikiri. Akavua glavu, akazipachika kwenye mkanda, akaketi kwenye kamba. Wengine wakaketi.

Msimamizi mkuu akaja na mwavuli. "Mgomo wa kuwaunga mkono watu wa nje ni kosa," akasema. "Unajua hilo."

"Nalijua. Huu si mgomo. Genge liko tayari kwa meli yoyote. Hii tu miguu yetu inaikataa."

"Mtasema ni usalama."

"Panda ukaangalie mwenyewe, bwana. Nitakushikia mwavuli."

Hakupanda. Katibu wetu, yule mwoga wa karatasi, alikuja saa sita na karatasi kweli: kifungu cha sheria ya huku kinachosema mfanyakazi anaweza kukataa kazi yenye hatari ya wazi. Alikuwa amekesha akikitafuta. Nikamwomba radhi moyoni kwa yote niliyowahi kumfikiria.

Meli ilikaa hivyo siku nne. Siku ya tano wakaleta lori.

Nilijua kabla halijafika. Lilikuja polepole kupitia lango la nyuma, limefunikwa. Turubai la kijani safari hii. Wenzangu wakaanza kuzomea, mmoja ameshika jiwe. Nikamwambia aliweke chini. Nikatembea mpaka mbele ya lori, nikasimama, nalo likasimama, si kwa hiari yake. Nikazunguka nyuma, nikainua turubai kwa mikono miwili.

Walikuwa vijana, wamelala ubavu kwa ubavu, wanakodoa macho kwa mwanga. Mmoja akataka kuvuta turubai ajifunike. Nikalishikilia. Nikawaambia, "Mimi nimewahi kulala hapo mlipolala. Nilipewa kazi ya kudumu. Nimeishi nayo miaka ishirini na miwili na hakuna siku hata moja niliyotoka humu. Na meli hiyo itaua mmoja wenu kabla ya chakula cha mchana, sijui nani. Sitawazuia. Nataka tu mshuke mkiwa mmesimama, tuonane nyuso."

Dereva akapiga honi. Kisha mmoja akashuka, akajipangusa magoti, akatembea kuelekea lango bila kumtazama mtu. Wakashuka tisa. Waliobaki hawakutosha kuendesha hata kreni moja, na wao wenyewe walipoiona meli ilivyoinama wakaomba warudishwe.

Siku ya tisa meli ikaondoka na mzigo wake wote. Shirikisho likapiga simu ya upepo kila bandari. Ya pili imeikataa. Ya tatu, nasikia, makuli wameiwekea bango gatini hata kabla haijaonekana.

Mimi nimesimamishwa kazi. Mwambie mama yako turubai lilikuwa la kijani.

Mjomba


25 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Meno sasa ni matatu, na anatafuna kila kitu pamoja na barua zako.

Tumerudi! Juzi, saa moja asubuhi, kwa lango kuu, tukiwa tumesimama. Bomba jekundu lilizunguka siku arobaini na moja bila kushushwa, na meli mbili nyingine zikapata hali ileile. Wenye mizigo wakaanza kuijia kampuni juu. Wakatuita mezani. Walipotuita tulikuwa na barua za makuli wa bandari sita, nyingine zimeandikwa kwa herufi ambazo hatujui hata zinaanzia upande gani, lakini mihuri tuliielewa.

Kanuni imeandikwa na kutiwa sahihi: kreni haianzi mpaka mfungaji wa mwisho awe ametoka, na anayethibitisha ni mfungaji mwenyewe kwa redio yake, si msimamizi. Ile karatasi ya uzembe wangu wameiondoa. Mabaharia wawili wa meli aliyofia Taratibu walituma maelezo yao kwa shirikisho: siku ile walikuwa wakisikiliza kwenye redio ya sitaha, na walisikia amri yote, hata lile neno la picha. Msimamizi amehamishwa. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Mjane wa Taratibu ndiye aliyekata utepe uliotuzuia langoni, kwa kisu cha kufungulia kamba.

Hatukupata yote. Watu kumi na sita hawakurudishwa, wazee wengi wao, pamoja na karani wetu wa daftari. Tunawapigania bado. Jumatatu kila wiki tunakaa nusu saa kwa ajili yao, na Meneja anatazama saa yake.

Nilipomsomea Mama habari ya lori aliacha kupepeta. Akaomba kalamu. Aliyoandika ni haya, sijamsahihisha:

*Mdogo wangu. Nimeona. Baba yao angekuwepo angekwambia njoo ule. Mimi nakwambia kwa niaba yake. Njoo ule. Goti la kushoto lipake mafuta ya moto. Dada yako.*

Niambie kuhusu kazi yako. Usinifiche.

Mpwa wako


15 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Kwa mama yako nitaandika barua yake peke yake. Hii ni yako.

Sikufichi. Wamenivua userangi. Kesi ilisikilizwa, chama kikanitetea, wakashindwa kunifukuza, basi wamenipeleka ghalani kugawa kofia na glavu. Miezi iliyobaki nitaimalizia humo. Genge sasa analiongoza Mlingoti. Asubuhi wanapitia dirishani kwangu kuchukua glavu, na kila mmoja anasema, "Habari, serangi." Msimamizi amewakataza neno hilo. Wameongeza sauti.

Nimeulizwa na wengi kama najuta. Najuta miaka ishirini na miwili. Siku tisa sijutii.

Nikistaafu nakuja kula.

Mjomba


22 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Mama amekubali miwani, sababu eti barua yako ilikuwa na mwandiko mdogo. Mtoto anasimama kwa kushika kiti.

Naandika kwa haraka, niko langoni, nimeegemea daftari la karani.

Jana tulipata ujumbe wa shirikisho kutoka bandari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Wavutaji wa meli wa huko, wale wa boti ndogo za kukokota, wamefukuzwa wote kwa kukataa zamu ya saa ishirini. Boti zinaendeshwa na watu wasiojua kazi. Meli iliyotolewa kwa boti hizo imefika kwetu leo asubuhi, gati namba tatu. Gati langu.

Meneja alitukusanya kabla hatujapanda. Alizungumza kwa upole kabisa. "Mmerudi kazini miezi miwili tu," akasema. "Kumi na sita wenu bado wako nje, na nilikuwa nafikiria kuwarudisha wanane mwezi ujao. Watu hawa hamwajui. Hamjui hata lugha yao. Mnataka kuyatupa haya yote kwa ajili yao?"

Hapo palikuwa pagumu, nikwambie ukweli. Watu walitazama chini. Mmoja wetu ana mapacha wa wiki tatu. Nikamtazama karani, maana yeye ndiye wa kupoteza. Alikuwa nje ya uzio, ameshika waya kwa vidole. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi wanane sikuwaomba. Niliomba kumi na sita. Na nina daftari jipya."

Nikapanda kreni. Meneja akatabasamu, akadhani ameshinda. Nilipanda kwa sababu ufunguo wa kibanda ninao mimi, na sikutaka mtu mwingine aukute mtambo umewashwa. Nikazima mtambo, nikafunga mlango, nikateremka ngazi zote themanini na nne, na nilipofika chini wenzangu walikuwa wameshaketi. Hata baba wa mapacha. Wafungaji wakatoka sitahani mmoja mmoja, na kila mmoja akatangaza kwenye redio, kama kanuni inavyotaka, "Nimetoka." Meneja alisimama pale akizisikiliza sauti hizo zote.

Tuko nje tena. Hatujui itachukua siku ngapi. Majina yetu hayajabandikwa, lakini ngazi ya kubandikia imeshaletwa.

Mjomba, hatuna anwani ya watu wale wa boti. Mpe Mlingoti aulize mabaharia wanaopita hapo kwenu, lazima yuko mmoja anayekwenda huko. Awafikishie habari tu: meli yao iko hapa, gati namba tatu, na hajapanda mtu.

Mpwa wako